Apiyo na Mstari wa Mwisho

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya gwaride, Apiyo alikuwa wa kwanza kufika shuleni. Mkono mmoja alishika kikopo cha gundi ya unga, mkono wa pili karatasi kubwa iliyokunjwa, naye alinyoosha moja kwa moja hadi ubao wa matangazo kando ya ofisi. Hapo alibandika gazeti la ukutani la Gredi ya Saba. Yeye ndiye aliyekuwa mhariri wake, mwandishi wake na, tusimfichie siri, msomaji wake mkubwa.

Jumatatu hiyo alikuwa na habari moto. Tangi la maji la shule halikuwa na kifuniko tangu mvua za masika. Apiyo alikuwa amepanda ngazi mwenyewe, akachungulia. Kuta za ndani zilikuwa na utelezi wa kijani, na mjusi mfu alielea juu ya maji. Wiki iliyotangulia, wanafunzi kumi na mmoja wa darasa lake walikuwa wameugua tumbo. Aliyaandika yote hayo bila kutia chumvi. Angeishia hapo, sisi tusingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Lakini Apiyo alipenda kuchekesha watu. Chini kabisa ya karatasi palibaki nafasi ya mstari mmoja. Akamkumbuka Bwana Irungu, aliyeleta maji shuleni kwa tuktuk kila mifereji ilipokauka, akaandika: "Yule jamwa wa maji hajali matumbo yetu. Arudi kwao!"

Nyumbani kwao neno hilo halikuwa na meno. Jamwa, kwa Kijaluo, ni mtu asiye Mjaluo, basi. Nyanya yake alimwita hivyo mkwewe Mluhya, huku akimpakulia kipande cha samaki kinene kuliko vyote. Apiyo alidhani utani wa jikoni unaweza kubandikwa ukutani ukabaki utani.

Kufikia mapumziko ya saa nne, hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya mjusi. Uwanja mzima uliimba, "Jamwa, arudi kwao!" Walimwimbia Wangechi, binti ya Bwana Irungu, aliyeketi dawati moja na Apiyo. Apiyo alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

"Mimi nimezaliwa hapa Kisumu, Apiyo," Wangechi alisema. "Nirudi wapi?"

Jioni hiyo, vijana fulani waliisimamisha tuktuk ya Bwana Irungu katika soko la Otonglo, wakamwaga maji yake yote barabarani huku wakiimba maneno yaleyale. Jumanne, nafasi ya Wangechi darasani ilikuwa tupu.

Mwalimu mkuu, Bwana Wakhungu, alilirarua gazeti, kisha akamwita Apiyo ofisini. Alimsukumia barua iliyopigwa chapa. Ilikuwa na sentensi moja tu: "Yote niliyoandika kwenye gazeti la ukutani ni uongo."

"Ijumaa kuna mkutano wa wazazi," alisema. "Utaisoma mbele yao. Usipoisoma, utakaa nyumbani hadi muhula uishe."

"Lakini Mwalimu, Katiba inanipa uhuru wa kusema!"

"Katiba ilikupa ruhusa ya kufukuza watu mjini?"

Hapo mwalimu mkuu alisema kweli. Ila mjusi pia alikuwa wa kweli. Akiisoma barua hiyo, atakuwa ameudanganya umma, na watoto wataendelea kunywa uchafu. Akikataa, ataonekana anatetea ule mstari wa mwisho. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Jumatano mchana Mwalimu Maximilla, aliyewafundisha somo la jamii, alimkuta peke yake nyuma ya darasa. Hakumkemea. Alimpa kijitabu cha Katiba, kimefunguliwa kwenye Kifungu cha thelathini na tatu.

"Nisomee."

Apiyo alisoma mwanzo kwa haraka, maana aliujua kwa moyo: kila mtu ana uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo.

"Endelea. Hapo chini ndipo hukupakariri."

Apiyo akaendelea polepole. Uhuru huo haulindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Na anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine.

"Sasa niambie. Uhuru wa kwanza kutajwa ni wa kutafuta. Tangi ulipanda ukaangalia, vizuri. Bwana Irungu ulimtafuta ukamuuliza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi twende."

Walimkuta Bwana Irungu nyumbani kwake, akifunga mitungi mitupu kwa kamba. Alisema ifikapo Jumapili atakuwa ameondoka. Wangechi alisimama mlangoni, hakusalimu.

"Mzee, ni mimi niliyeandika. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Bwana Irungu aliendelea kukaza kamba. "Mtoto, mimi niko hapa miaka kumi na tisa. Hiyo tangi yenu nimeambia mwalimu mkuu mara tatu: funika, funika! Maji yangu ni ya mfereji, safi. Nikimwaga huko ndani inaharibika. Ungekuja kuniuliza, ningekuambia. Ungekuwa na shahidi."

Apiyo aliona aibu hata akatamani kukimbia. Mtu ambaye yeye alimtukana ndiye aliyekuwa akimpigania wakati wote huo.

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi. Bwana Wakhungu alimkabidhi ile barua, akamkazia macho. Apiyo aliikunja.

"Mstari wa mwisho wa gazeti langu ulikuwa kosa," alisema. "Nilimsingizia Bwana Irungu, nikawachochea watu dhidi yake. Hapa ni kwao kama ilivyo kwangu. Namwomba radhi yeye na Wangechi. Lakini habari za tangi ni kweli. Siwezi kuziita uongo."

"Keti chini!" Bwana Wakhungu alifoka.

"Aachwe," sauti ilitoka nyuma. Bwana Irungu alikuwa amesimama. "Mimi ndiye alinitukana, na mimi nasema huyu mtoto anasema kweli. Twendeni tuangalie."

Wazazi wakatoka, mwalimu mkuu akiwafuata kichwa chini. Kabla ya jua kutua, tangi lilikuwa limemwagwa na kusuguliwa, na Jumamosi likapata kifuniko. Wazee wa soko waliwaleta wale vijana kwa Bwana Irungu kuomba msamaha. Alifungua kamba za mitungi yake, akabaki.

Jumatatu Wangechi alirudi, akaketi mahali pake. "Bado nimekukasirikia," alimwambia Apiyo.

"Najua."

Mwalimu Maximilla aliingia akaweka chaki mezani.

"Ukweli wa Apiyo ulikuwa na nguvu ya kuosha tangi zima," aliwaambia wanafunzi. "Lakini aliuchanganya na dharau, na dharau ikawapa waliouogopa ukweli sababu ya kuurarua wote. Semeni, wanangu. Katiba inawalinda. Ila inamlinda pia yule mnayemsema."