Sekunde Nane za Mteremko

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkokoteni wa mizigo ulishuka mteremko wa bohari ukambana mzee mtunza stoo ukutani. Hakuomba maji.

Kufikia saa nne mpakizi alikuwa na pingu. Jana yake aligombana na marehemu, na ndiye aliyekutwa kwenye breki iliyofungwa sakafuni kuuzuia mkokoteni, juu kabisa ya mteremko.

"Nilisikia kishindo nikakimbilia breki, afande. Nina watoto watatu."

Inspekta, mjane asiye na haraka ya kurudi popote, alimtazama viganja. Vumbi la saruji tu. Breki ilikuwa inateleza kwa grisi mbichi. Akaupakia mkokoteni upya, akauachia mara tatu, saa mkononi. Mita kumi na sita, sekunde nane, kila mara.

Kisha akaenda kwa karani, mtu wa makamo aliyeitwa Saa Kubwa kwa sababu mwendo wake haubadiliki hata mvua ikinyesha.

"Ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa mezani. Mfagiaji aliniona naketi kishindo kilipolia."

"Nakubali. Nauliza sekunde nane kabla."

Karani akalifunga daftari lake la mizigo.

"Mkokoteni ulianza umesimama, kila sekunde ukaongeza kasi ya nusu mita kwa sekunde. Chini ulifika na kasi ya nne, kwa hiyo wastani ni mbili. Kumi na sita gawa kwa mbili, nane. Wewe nimekupima ukienda kunywa maji: mita moja na nusu kila sekunde, huongezi, hupunguzi. Kutoka breki mpaka kiti hiki ni mita kumi na mbili. Nane vilevile."

"Hesabu si ushahidi, afande."

"Kweli. Grisi je?"

Inspekta akalifungua lile daftari. Pembeni mwa ukurasa wa asubuhi ile kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi tii.

Karani alilia bila kujificha. "Miaka ishirini na mbili tumekula mchana meza hii, mimi na yeye. Ijumaa anastaafu, anahamia kwa binti yake. Mimi nibaki na nani? Nilitaka avunjike mguu tu, akae kidogo."

Mpakizi alifunguliwa pingu, akampigia mkewe simu hapohapo. Karani alipofika kwenye gari akauliza kwa sauti ndogo, "Huko mahabusu, afande, watu hula pamoja?"

Inspekta akaikumbuka sahani moja iliyokuwa ikimsubiri jikoni kwake.

"Hula pamoja," akasema, na aibu ikamshika, kwa kuwa alimwonea wivu.