Herufi Moja Kitandani

"Leo unarudi kitandani, au mimi naondoka. Chagua moja!"

Fundi saa hakufumbua macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, miguu kaikunja, anavuta pumzi kwa hesabu.

"Nasema na wewe! Au umeshakuwa malaika?"

"Zimebaki siku sita, mke wangu."

"Nimechoka kulala kama mjane na mume ninaye."

"Si siku tu. Lazima kwanza roho zetu ziungane. Nasubiri ishara."

"Ishara gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nasubiri."

Mkewe alicheka kicheko cha hasira. Kazini kwake, kwenye chumba cha kupanga maandishi cha mpiga chapa mmoja, walimwita Bi Mkato, maana hakuna alama ya mkato iliyokaa vibaya ikampita. Kutwa nzima aliyanyoosha maneno ya watu; ya mumewe yalimshinda. Na kilichomuuma zaidi, kijitabu kilichomtia mumewe wazimu huu alikipanga yeye mwenyewe kwenye kompyuta, kisha akaleta nakala nyumbani. Kiliitwa *Kitanda na Sala*. Kilieleza watu wa zamani wa nchi nyingi, wa tantra huko India, wa Tao huko China, wa Kabala ya Wayahudi, ambao waliona mapenzi ya mke na mume kuwa njia ya kumfikia Mungu na si jambo la kuonea haya. Aliyekiandika ni mkunga mstaafu, watu wakimwita Mwalimu, na fundi saa hakukosa darasa lake hata Jumamosi moja.

Simu ikalia juu ya mkeka. Bi Mkato akaiwahi, akasoma kwa sauti ujumbe wa Mwalimu:

"Usikate tamaa, mwanangu. Moyo ukifunguka, mwili hufuata. Njoo tuzungumze."

"Nipe simu yangu."

"Anakufungua moyo yeye, mimi naachiwa kitanda kitupu! Nakwenda mwenyewe."

"Usiende kumtukana mtu mzima."

"Simtukani. Namuuliza tu mume wangu nitampata lini."

Alimkuta Mwalimu uani anaanika mashuka, miwani inaning'inia kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatweta?"

"Mimi ni mke wa fundi saa. Nirudishie mume wangu."

"Kwani nimemchukua?"

"Siku thelathini na nne hajanigusa! Anangoja roho ziungane, kama ulivyoandika."

"Mimi? Sijaandika hivyo."

Bi Mkato akachomoa kijitabu kwenye pochi, akasoma: "Kwa muda usiozidi siku arobaini, mke na mume wasilale pamoja mpaka waungane."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma mwenyewe, akarudia. Akaingia ndani, akatoka na daftari aliloandika kwa mkono wake.

"Soma hapa."

"...wasilale pamoja mpaka waungame."

"Waungame, mwanangu. Kila mmoja amwambie mwenzake anachomficha. Mwenye ujasiri anamaliza kwa saa moja. Nilidhani mumeo anaogopa kuungama, kumbe hajui hata kama ameambiwa! Nani ameweka hiyo N?"

Bi Mkato akasoma tena daftari. Alikumbuka vizuri. Sura nzima ilizungumzia muungano, akaona ile M ni kidole kilichoteleza, akairekebisha, tena kwa kujisifu.

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilidhani umekosea."

Midomo ilimcheza Mwalimu, lakini hakucheka.

"Mumeo ana jambo la kukwambia. Si langu kulisema. Na wewe je, huna?"

Bi Mkato akarudisha kijitabu kwenye pochi, akaaga. Alikuwa nalo, tena la miaka. Akapiga simu akiwa njiani.

"Usitoke. Nakuja."

"Umemtukana?"

"Mimi ndiye wa kutukanwa."

Aliingia ndani, hata viatu hakuvua.

"Si kuungana. Ni kuungama. Nilibadilisha herufi, nikadhani nasahihisha."

Fundi saa alimtazama.

"Siku zote hizi mgongo unaniuma mkekani, kwa herufi moja?"

"Nisamehe."

"Kwa hiyo tulitakiwa kuambiana tu."

"Kuambiana tu."

"Hiyo ni ngumu kuliko mkeka."

"Basi nianze mimi, nisije nikakimbia." Alivuta pumzi. "Miaka sita hii, kitandani, nimekuwa najifanya. Zile sauti. Nakupenda, Mungu ni shahidi, lakini..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikusikia. Ulikuwa jikoni unaongea na dada yako kwenye simu. Ulisema, 'Mwenzangu, mimi husubiri tu amalize.' Mkacheka. Mimi nimesimama mlangoni, mkate mkononi."

Bi Mkato akakaa sakafuni. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Ndiyo maana ukaenda kwa Mwalimu?"

"Nilitafuta mahali pa kujifunza kuwa mume. Kijitabu kilipotoka, nikaona afadhali nisikuguse kabisa, kuliko kukugusa huku wewe unasubiri nimalize."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Na wewe mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia."

"Niliumia."

Bi Mkato alilia. Fundi saa hakumnyamazisha. Alisogea tu, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

"Sasa niambie mimi. Si dada."

Akamwambia. Mchana kweupe, alimwambia anachopenda na asichopenda, mambo mengine hakuwahi kuyatamka hata akiwa peke yake. Fundi saa aliinamisha kichwa akasikiliza, kama anavyosikiliza saa mbovu. Mara moja akauliza, "Hapo hasa, au juu kidogo?" Bi Mkato akampiga kofi la bega, wakacheka wote wawili mpaka machozi yakachanganyika.

"Sasa inakuwaje?" aliuliza mume.

"Mwalimu ameandika, wakishaungama washikane mikono waombe."

"Waombe nini?"

"Hakusema. Sura inaishia hapo."

Fundi saa akamshika mkono.

"Basi funga mlango kwanza," alisema Bi Mkato. "Maneno ya kuomba yatakuja yenyewe."