Maelezo ya Shahidi wa Nne

Jumanne asubuhi Leonsia Mutayoba alifungua jalada alilolifunga jana yake, akakuta alama ya dole gumba mahali pa sahihi ya shahidi wa nne. Ilikuwa ya wino wa buluu, imekaa vizuri juu ya mstari, na ilikuwa bado mbichi. Aliigusa, kidole chake kikatoka na maji. Karatasi yenyewe ilikuwa kavu.

Hakushtuka sana. Alidhani wakili Pius Mutalemwa ameiweka mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyemwagiza ayachape maelezo yale, na wote wawili walijua kwamba hakuna shahidi aliyewahi kuketi mbele yao kuyatoa.

Leonsia alikuwa mchapaji wa ofisi ya mashtaka jijini Mwanza, mwaka wa sita sasa. Kesi ile ilikuwa ya Elias Mihayo, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha upinzani mkoani, aliyekamatwa pale mikutano yake ilipoanza kujaza viwanja. Alishtakiwa kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Ilidaiwa kwamba alipanga kuchoma vituo vya kupigia kura. Mashahidi watatu wa kwanza walikuwa askari. Wakubwa wakataka wa nne awe raia wa kawaida.

Ndipo Mutalemwa alipoleta jina kwenye kipande cha karatasi: Maige Shigela, miaka arobaini na miwili, fundi wa injini za mitumbwi, mkazi wa Igoma. Alimtamkia Leonsia maneno huku akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kwamba tarehe kumi na mbili fundi huyo alimsikia Mihayo kwa masikio yake mwenyewe akigawa petroli na kutaja shule za kupigia kura zitakazochomwa. Leonsia akachapa. Alipouliza kama mtu huyo ataletwa mahakamani, aliambiwa hatapatikana, na kwamba sheria inaruhusu maelezo ya shahidi asiyepatikana yasomwe bila yeye kuwepo. Hakuuliza tena.

Sasa alimpelekea Mutalemwa ile karatasi yenye alama. Mutalemwa alisema si yake, alidhani ni ya Leonsia. Walitazamana. Kisha akamwambia achape nakala nyingine. Kesho yake nakala hiyo nayo ilikuwa na dole gumba lile lile, bichi.

Jumatano hiyo, saa nane mchana, mzee Josephat, mlinzi wa getini, alipiga simu juu akasema shahidi wa Leonsia amefika na amemwandika kwenye daftari. Leonsia alishuka. Benchi la wageni lilikuwa tupu, lakini ubao wake ulikuwa umelowa, na hewa pale ilinuka magugu maji yaliyooza pamoja na petroli. Nje jua lilikuwa kali. Josephat alieleza kwamba mtu huyo alikuja kwa miguu, peku, akamwamkia kwa adabu, na hakuwa ametoka. Kwenye daftari, mahali pa sababu ya kuja, Josephat alikuwa ameandika neno alilotajiwa: kusomewa.

Alhamisi ikawa vile vile. Leonsia akaingia kwa Mutalemwa bila kugonga, akamuuliza jina lile alilitoa wapi.

Mutalemwa alifunga mlango kwanza. Alieleza kwamba alilitoa kwenye jalada la zamani la ajali. Miaka minane iliyopita mtumbwi ulipinduka ziwani ukitokea kisiwa cha Kome. Walizama watu kumi na mmoja, wakazikwa kumi. Maige Shigela hakuonekana. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na cheti cha kifo, na kwenye daftari la wapiga kura mtu huyo alikuwa bado anaishi Igoma.

"Nilitafuta mtu ambaye hakuna wakili atakayemhoji," alisema kwa sauti ya chini. "Sikumdhuru, Leonsia. Alikwishakufa."

Ndipo alipoinua mguu akavua kiatu, akamwonyesha soksi iliyolowa chepechepe. Alimwambia kwamba tangu Jumatatu, nyumbani kwake Pasiansi, viatu vyake vyote huamka vimejaa maji, na mke wake amewachukua watoto na kwenda kwa dada yake bila kusema anarudi lini. Leonsia akamsihi aliondoe jina. Mutalemwa alitikisa kichwa. Alisema anapigiwa simu kila siku kuulizwa kesi imefika wapi, na kwamba yeyote atakayelegeza jalada lile ataingizwa humo humo.

Ijumaa umeme ulikatika saa saba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na wenzake walikuwa wameshuka kula. Leonsia alikuwa anapanga nakala karibu na dirisha aliposikia pumzi nyuma yake, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi, yenye mkwaruzo wa maji ndani yake, na kabla hajageuka ile harufu ya magugu na petroli ikamjaa kinywani kana kwamba ameinywa, akageuka polepole, akamwona mwanaume ameketi kwenye kiti cha mashahidi upande wa pili wa meza, mikono imetulia magotini, shati limemganda kifuani, maji yakimtiririka kutoka nyweleni, kutoka viwikoni, kutoka pembe za macho yasiyopepesa, yakidondoka sakafuni bila kutoa sauti hata kidogo.

"Dada," alisema, kwa lafudhi ya Kisukuma, "naomba unisomee nilichosema."

Leonsia alichukua karatasi na kuanza kusoma, sauti yake ikiwa nyembamba hata yeye mwenyewe hakuitambua. Mtu yule alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayepewa habari za mtu wa mbali. Palipotajwa umri alimsimamisha.

"Arobaini sikufika."

Leonsia akaendelea. Palipotajwa Mihayo alimsimamisha tena, akauliza huyo ni nani. Leonsia alisema ni mwanasiasa, yuko mahabusu.

"Anafungwa kwa maneno yangu?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

Leonsia alijibu kwamba inaweza kufika thelathini. Maji yalikuwa yamefika chini ya meza, yakagusa vidole vya miguu ya Leonsia, baridi kama ya kilindini.

"Nilikuwa nimelala," alisema mwishowe. "Mmeniamsha nije kumfunga mtu."

Umeme ulirudi, taa ikawaka, kiti kikawa kitupu. Leonsia akazimia, na alipozinduka aliwakuta wenzake wanampepea na kumuuliza amekula nini. Jumapili alikwenda kanisani, lakini watu walipojipanga kukomunika alibaki amekaa, mikono imebana begi mapajani.

Kesi ilisikilizwa Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi. Leonsia alikuwa ameagizwa kubeba majalada, kwa hiyo aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Mihayo alikuwa kizimbani na koti lile lile alilokamatwa nalo, likimpwaya mabegani. Aliposalimiwa na watu wake aliwajibu kwa kichwa tu.

Mutalemwa alisimama. Alimweleza Jaji kwamba shahidi wa nne ametafutwa Igoma yote na hakupatikana, akaomba maelezo yake yasomwe na kupokelewa. Wakili wa Mihayo alipinga. Jaji akaruhusu yasomwe kwanza, pingamizi atalisikia baadaye.

"Mimi, Maige Shigela," Mutalemwa alianza, na hapo akakohoa. Alipokohoa mara ya pili maji yalimtoka mdomoni yakashuka kwenye tai. Alijaribu kuketi lakini magoti hayakukunjika, akabaki wima, ameishika karatasi mbele ya uso wake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Mhaya wa Bukoba aliyesomea sheria, ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mtu wa Usukumani, na ilisema mambo ambayo Leonsia hakuyachapa.

"Mimi, Maige Shigela, nilizama njia ya Kome na watu kumi. Wenzangu walizikwa. Tarehe hiyo mnayoitaja sikuwa Igoma. Huyu mzee simjui, sijawahi kumsikia. Nitoeni kwenye karatasi yenu."

Karatasi ilikuwa inachuruzika. Wino ulishuka mkononi mwa Mutalemwa hadi kwenye mkono wa shati, na watu wa mabenchi ya mbele wakaanza kusogea nyuma wakiziba pua. Kisha Mutalemwa akaanguka. Walipomgeuza alikuwa anapumua, macho wazi, lakini hakumjibu mtu.

Jaji alisubiri mpaka alipotolewa nje. Ndipo akauliza ni nani aliyeandika maelezo yale. Upande wa mashtaka walitazamana. Leonsia alifikiria mama yake Bukoba anayemtegemea, akafikiria zile simu za kila siku. Kama angenyamaza, shughuli ingeahirishwa, karatasi nyingine ingechapwa, na yule mtu angerudi kuketi kwenye kile kiti. Alisimama.

"Ni mimi niliyeyachapa, Mheshimiwa," alisema. "Hakuna mtu aliyekaa mbele yangu. Nilitamkiwa nikaandika."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mihayo aligeuza kichwa kuangalia nyuma, akatafuta sauti ilikotoka.

Maelezo ya shahidi wa nne yaliondolewa. Baada ya wiki mbili mashtaka nayo yaliondolewa, Mihayo akalala nyumbani kwake siku tatu, akaitwa tena kituoni kwa jambo jingine ambalo hadi leo halijaelezwa vizuri. Leonsia alihojiwa siku nzima, akapewa barua ya kuachishwa kazi. Mutalemwa alirudishwa kwao Bukoba. Inasemekana anakula na anatembea, ila hajaongea, na mtu akifungua gazeti karibu naye, yeye huondoka.

Leonsia alikaa mwezi mzima kabla hajapata ujasiri wa kwenda Bujora. Kwenye jalada la ajali alikuwa ameona jina la mke wa marehemu, Bernadeta, na kwamba alihamia huko kwa wazazi wake. Alimkuta anaanika michembe juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Akamwamkia, akajitambulisha, akamwambia yote bila kuficha, jinsi jina lilivyochukuliwa, jinsi alivyolichapa kwa vidole vyake, na kilichotokea mahakamani. Akaomba msamaha.

Bernadeta alimsikiliza huku akisambaza vipande vya viazi kimoja kimoja. Habari zilipokwisha alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mdogo wangu," alisema, "huyo mtu alipoongea, alinitaja?"

Leonsia alijua jibu ambalo mama yule alilingoja kwa miaka minane. Angeweza kumpa. Alikuwa amewahi kuandika uongo mkubwa zaidi ya huo.

"Hapana, mama. Hakukutaja."

Bernadeta aliangalia upande wa ziwa, ingawa kutoka pale ziwa halionekani.

"Basi ni yeye," alisema. "Alikuwa hasemi mambo ya nyumbani mbele za watu."