Niliandika Jina la Nyumbani la Mtoto Wangu Ndani ya Kaye

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mukaaji wa Kindu. Shule nilifika darasa la tatu primeri tu, basi. Naandika polepole, mnivumilie. Lakini majina ya wakosaji sitayaficha, na la kwangu litakuwa la kwanza. Watu wananiita Mama Zaituni. Zaituni njo mutoto wangu, ndiye niliyempoteza mara mbili.

Ndiyo, mara mbili! Ya kwanza ilikuwa vita. Ya pili ilikuwa mimi mwenyewe.

Kwetu mutoto ana jina la shule, tena ana jina la nyumbani. La nyumbani bibi njo anampa, na haliitwi barabarani wala mtoni. Zaituni alikuwa akitembea na mwiko mudogo toka alipoanza kusimama, hata akilala anaushika. Bibi yake akamuita Kamwiko. Wakati wa vita jina hilo likawa na kazi. Nilimuambia, mwanangu, muntu akikuita Zaituni usimufuate, hata akikupa mukate. Anayekuita Kamwiko, huyo ametumwa na mama.

Alikuwa na miaka sita tulipokimbia. Tulivuka mto mpaka Alunguli, tukashika njia ya Kailo na mizigo kichwani. Miguu yake ilivimba. Jirani yetu, Papa Alimasi, alikuwa na baiskeli, akamupandisha juu ya mifuko. Kwenye daraja la miti tukasikia masasi ya bunduki... Kila muntu akaingia pori kwa upande wake.

Siku ya tatu tulimukuta Papa Alimasi amekufa. Baiskeli haiko. Mutoto haiko.

Niliita Kamwiko ndani ya pori lile mpaka sauti ikakatika. Nani alinijibu? Hakuna! Vita ilipoisha nikarudi Kindu. Mume wangu akafa na homa, bado anauliza kama mutoto amerudi. Ndugu zake walitaka tufanye matanga ya Zaituni. Nikakataa. Sikuona maiti, nitalia juu ya nini?

Miaka ikapita mingi... Njo akatokea Feruzi Kalonda. Mulisome vizuri jina hilo, Feruzi Kalonda!

Alikuwa kijana wa kartie yetu, mtaa wetu, amerudi kutoka Kisangani na ordinatere mbili, zile kompyuta, akafungua nyumba ya intaneti karibu na soko. Siku moja nilikuwa nauza sombe, majani ya muhogo, mbele ya mulango wake, akaniita ndani.

"Mama Zaituni, mutoto wako kama iko hai, leo iko na telefone. Siku moja atauliza. Shida ni kwamba hakuna ukurasa wa kumujibu."

Aliniambia anataka kufanya ukurasa wa watu wa Maniema waliopotezana vitani. Lakini ukurasa bila maneno, akasema, ni kama duka lililofungwa. Lazima kwanza tujue watu wanaandika maneno gani wakitafuta. Akanionyesha: unaandika neno moja juu, na chini machine inakuletea maneno ambayo wengine wamekwisha kuuliza.

Aliandika yeye kwanza. Aliandika "familia zilizotenganishwa na mapigano". Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

"Feruzi, hayo ni maneno ya radio! Nani analia hivyo? Andika, natafuta mama yangu Kindu. Andika, dada yangu alipotea njia ya Kailo."

Akaandika. Machine ikamwaga mistari. Akaniangalia kama muntu aliyeokota almasi.

"Mama, wewe njo injinia wa hii kazi! Mimi nitakuwa nafagia tu."

Alinipa kaye, yaani daftari, na kalamu ya biki. Nikaanza kuzunguka sokoni, Alunguli, mpaka Kailo. Nilikuwa nauliza kila mama, ukishika telefone leo, utamutafuta mutoto wako kwa maneno gani? Mwingine anasema mutoto aliyebebwa, mwingine mutoto aliyebakia. Niliandika yote. Feruzi alinifundisha kuchagua: neno linaloulizwa na watu wengi lakini kurasa chache zinalijibu, hilo tunaliweka mbele. Neno kubwa kama "vita Kongo" tunaliacha, kwa sababu kurasa za wakubwa wa Kinshasa na Ulaya zimelikalia, hatutaziondoa.

Kwa mara ya kwanza toka vita nilikuwa naamka na hamu. Watu waliniita Mama Maneno. Mimi, wa la tatu primeri!

Sasa sikilizeni kosa langu.

Kaye ilikuwa na sehemu mbili. Mbele, maneno ya kutafutia. Nyuma, alama za siri: kovu, meno, jina la nyumbani. Tulikubaliana na Feruzi kwamba alama za nyuma hazitatoka. Muntu akipiga simu kusema ni mutoto wa fulani, tutamupima nazo. Mama ishirini na kitu walinipa siri zao kwa sababu waliniamini. Na mimi, kwa biki yangu, nikaandika: Zaituni, jina la nyumbani Kamwiko.

Kwa nini niliandika? Kichwa changu kingesahau? Mulango wa nyumba yangu ulikuwa na funguo moja tu, nikaitoa mwenyewe!

Ukurasa ulitoka. Mwezi wa kwanza, watu wachache. Wa pili, wachache. Feruzi akawa hasemi vizuri. Halafu siku moja alinikimbilia sokoni na telefone juu, jasho likimutoka.

"Mama! Tuko wa kwanza! Ukiandika mutoto alipotea Kindu, sisi njo wa kwanza kabisa!"

Nilimukumbatia. Nilipiga vigelegele kati ya soko... Nilishangilia kifo changu.

Feruzi alinifungulia ukurasa yeye mwenyewe kwenye telefone yangu, lakini sikuwa na akili ya kuusoma mpaka chini. Niliangalia jina la Zaituni juu, nikatosheka. Sikuona kwamba pembeni kuna matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi na ya kucheza kamari. Sikuona kwamba chini yameandikwa yote ya nyuma ya kaye! Makovu yote, majina ya nyumbani yote, pamoja na namba zetu za simu.

Wa kwanza kulipa alikuwa Mama Odete wa Alunguli. Kijana alikuja, akataja kovu la goti na jina la siri. Mama Odete alimulea miezi minne. Siku mama alipotoka kwenda kanisani, kijana alibeba nguo, sufuria, hata godoro. Mama Odete alikuja mbele ya meza yangu ya sombe, hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, wewe njo ulimuandikia njia ya nyumba yangu." Mpaka leo hatusalimiani.

Kwangu alikuja msichana kutoka upande wa Pangi. "Mama, njo mimi Kamwiko." Uuuwii! Nilianguka chini. Nilichinja bata. Nilimuogesha kama mutoto mudogo. Nikimusuka nywele, nikamuuliza anakumbuka nini vitani. Akasema alikuwa hajazaliwa... Akajishika mudomo. Kisha akaanza kulia. Alisoma yote kwenye telefone ya mwenzake, alikuwa na njaa, hana muntu.

Nilikwenda kwa Feruzi mbio. Alijibu bila kuinuka kwenye kiti.

"Mama, usikasirike. Yale maneno ya mbele, kila muntu iko nayo. Ya nyuma hayapatikani fasi yoyote ingine. Machine inapenda kitu ambacho wengine hawana. Njo ilitupandisha."

"Ondoa, Feruzi! Nakuomba kwa Mungu, ondoa!"

"Nikiondoa tunashuka. Na tukishuka, mutoto wako atatuona wapi?"

Umewahi kuona muntu akikunyonga na tumaini lako mwenyewe?

Kisha simu zikafuata. Mwanamume mwenye sauti ya kike. Wasichana wakicheka nyuma. Mama, njo mimi Kamwiko, nitumie nauli. Mama, njo mimi Kamwiko, niko hospitalini. Jina la mutoto wangu likawa kama tusi masikioni mwangu.

Siku moja, naosha sombe, simu ikalia tena. Mwanamke. Sauti pole, inakwama.

"Mama... shikamoo. Njo mimi Kamwiko. Niko Lubutu."

Wasomaji, sikumuuliza hata swali moja. Nilifungua kinywa, yote ya miaka ile yakatoka. Nilimuita mbwa. Nilimuita mwizi wa makaburi. Nilisema mwanangu alikufa, na wewe ufe kama yeye!

Hakuomba nauli. Hakubishana. Alisema, "Sawa, mama." Akakata. Nikafuta namba.

Baada ya miezi sita, mfanyabiashara wa mchele aliyetoka Lubutu alinitafuta sokoni. Alikuwa amepanga jirani na mwanamke mmoja, mama wa watoto wawili, aliyeokotwa vitani na wachimbaji. Huyo mwanamke alimupa picha yake kabla ya simu ile, amuonyeshe mama anayeuza sombe Kindu, lakini safari ikamuchelewesha.

Niliishika. Ilikuwa sura ya marehemu mume wangu, imevaa kitambaa cha kike! Paji lile, macho yale, sikio lile lililokaa mbele.

Nilisafiri na pikipiki siku nyingi za matope mpaka Lubutu. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Mume wake alikuwa amemuhamisha, wengine wanasema kwa upande wa Kisangani, wengine mbele zaidi. Jirani mmoja aliniangalia sana, akasema, "Lakini yule alituambia mama yake alikufa."

Nilirudi Kindu. Feruzi amefunga nyumba yake, amehamia Goma. Ukurasa bado uko. Na wengine wameunakili, sasa ni kurasa nyingi, hata Feruzi akitubu leo hataweza kuyarudisha maneno yale.

Simu bado zinalia. Mama, njo mimi Kamwiko. Alikuwa na miaka sita, atakuwa anakumbuka kitu gani kingine cha kunithibitishia? Kwa hiyo nawajibu wote. Waongo, wezi, wanaocheka, wote nawaambia, "Ndiyo mwanangu, nakusikia, uko wapi?" Najua wananidanganya. Naogopa kukosea tena.

Wamama wenzangu, nawaomba. Muntu akija na kaye, hata akiwa mutoto wa kartie, hata akiwa na huruma machoni, mupeni jina la shule. Lile lingine mubaki nalo, mufe nalo. Na ukipokea simu, hata umeshachoka na uongo wa dunia, uliza swali moja kabla ya kutukana. Swali moja tu! Mimi sikuuliza.