Dhahabu Jikoni kwa Calogero

JUMAMOSI, JIONI

"Mulango wa nyuma," Jérôme alisema. "Ule wa upande wa reli. Maman Kahambu anaufungua, anarudia kwa kazi yake. Ya kwake imeisha."

Alichora kwa kidole juu ya meza iliyotapakaa unga wa muhogo. Walikuwa nyuma ya duka la Viviane, pale Evere, Brussels, kati ya magunia ya fufu na maboksi ya samaki wakavu. Viviane mwenyewe alikuwa mbele, anauza. Hakuuliza kitu. Alishazoea kutouliza.

Walikuwa watatu tu. Jérôme, mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya upole iliyokwisha kuwapokonya wengi mali zao. Karimu, dereva, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye gari jeupe la kubebea vifurushi. Na Kahambu, mwanamke wa Butembo, mpishi kwenye mkahawa waliokusudia kuuibia.

Mkahawa uliitwa Da Calogero. Ulikaa kwenye mtaa ambao zamani ulikuwa mji mdogo wa reli, kabla Brussels haijaumeza: stesheni ya matofali mekundu, safu ya nyumba za wafanyakazi wa treni, kelele ya mabehewa mchana kutwa. Mzee Calogero alikuja kutoka Sisili akiwa mtoto, na babake aliyeitwa kuchimba makaa. Yeye alikataa shimo. Aliunganisha mabehewa mpaka alipostaafu. Mkewe ndiye aliyefungua mkahawa, na alipofariki, jiko likawa la binti yao, Ornella.

Kila Septemba Wasisili wa huko humtembeza Bikira Maria barabarani. Sanamu huvikwa dhahabu: cheni, pete, heleni, vyote vimetolewa kwa shukrani. Mchimbaji aliyetoka hai chini ya ardhi alitoa. Mama aliyepata mtoto baada ya kukata tamaa alitoa. Mwaka mzima dhahabu hiyo hulala benki, ndani ya sanduku. Asubuhi ya sikukuu hupelekwa mkahawani, wanawake huing'arisha jikoni, halafu wote huenda misa. Baada ya misa wanaume huja kulichukua sanduku kwa matarumbeta. Katikati hapo hubaki mtu mmoja tu, anayeangalia sufuria.

"Na mzee?" Karimu aliuliza.

"Anaendaka misa. Kila mwaka."

"Na hiyo iliyo kiunoni mwako?"

Jérôme aliiweka bastola mezani. "Haina kitu. Kama mutu anaingia, ninamuonyeshea maman. Analia, bote banaona na yeye ni victime, mutu wa kuonewa. Hakuna atakayeguswa."

Kahambu hakutaka dhahabu. Alimtaka Rolande. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, binti yake alikimbia na bibi yake mpaka Burundi, na bibi akafia kambini. Mtoto ana miaka kumi na minne, yuko peke yake kwenye hema. Maombi ya kumleta Ubelgiji yalikataliwa, yakarudiwa, yakakataliwa tena. Jérôme ndiye aliyesema ana mtu Bujumbura, mwenye pasipoti, anayesafirisha watoto salama. Fungu la Kahambu lingemlipa mtu huyo.

"Huyo mtu wako wa Bujumbura," Karimu alisema taratibu, "anaitwa nani? Mimi kwetu kule. Shangazi angeweza kwenda kumwona."

"Jina yake haisemwagi."

Karimu alimgeukia Kahambu. Macho yake yalisema jambo. Kahambu aliliona, akainama kufunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka.

JUMAPILI, ASUBUHI

Jiko lilinukia vitunguu na ndimu. Mashangazi walikaa kuizunguka meza wakisugua dhahabu kwa miswaki, wakisengenya kwa Kisisili. Mzee Calogero alipita na suti yake nyeusi, akamgusa Kahambu begani kama alivyofanya kila siku, akaonja mchuzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kahambu, njoo uone," Ornella aliita kwa Kifaransa.

Kwenye mto wa velveti, kati ya cheni nzito za wachimbaji, Ornella alikuwa amebana medali ndogo, nyepesi kama ukucha. Nyuma yake paliandikwa *Rolande*.

"Nimeinunua mimi na baba. Leo mtaa mzima utamwombea mtoto wako."

Kahambu alifunika uso kwa aproni. Ornella alidhani ni furaha. Akamkumbatia, akavua aproni, akawasukuma mashangazi nje. Kengele ya kwanza ilikuwa inalia.

Nyumba ikatulia. Kahambu alibaki na sufuria tatu na sanduku.

Alisimama mbele ya mlango wa nyuma, mkono kwenye komeo. Nikiuacha umefungwa, aliwaza, yatakwisha. Jérôme atagonga, ataondoka, na mimi nitabaki na utu wangu. Akamwona Rolande. Hakumwona akiwa mdogo, anacheka. Alimwona kama alivyokuwa kwenye picha ya mwisho ya simu: mifupa ya shingo, nguo ya mtu mwingine, na macho yaliyoacha kuuliza mama atakuja lini.

Akavuta komeo. Akarudi kwa sufuria zake.

KENGELE YA PILI

Waliingia bila kishindo, nyuso zimefunikwa. Jérôme alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Karimu alibaki mlangoni, anatazama reli.

"Kuya hapa, beba," Jérôme alinong'ona. "Haraka."

Mlango wa upande wa ukumbi ukafunguka.

Mzee Calogero alikuwa na pete ya marehemu mkewe mkononi. Alikuwa ameisahau kwenye droo, akatoka kanisani kuifuata, aiweke kwenye mto pamoja na nyingine. Aliwatazama.

Jérôme alifanya walivyopanga. Alimshika Kahambu nywele, akamwekea bastola shingoni. "Ukisogea, namuua!" alisema kwa Kifaransa.

Kwa wale watatu, huo ulikuwa mchezo. Mzee hakujua kuna mchezo. Aliona jambazi amemshika mwanamke wa jikoni kwake. Akaja. Miguu yake mibovu, hatua fupi fupi, mkono umenyooka mbele.

"Mwache. Huyu ni wa nyumba hii."

"Rudi nyuma, mzee!"

"Mwache, nimesema."

"Papa, toka!" Kahambu alilia. "Papa, haina kitu, ni ya kuogopesha tu, toka, nakuomba!" Alilia kweli sasa, na kwa hofu maneno yalimtoka kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee hakuijua hata neno moja. Calogero alijipenyeza kati yao, akaishika bastola kwa vidole vilivyounganisha mabehewa miaka yote ile.

Ikalia.

Mzee alikaa chini taratibu, mgongo kwenye kabati, kama mtu aliyechoka. Pete ilidondoka, ikabingirika chini ya jiko.

"Ulisema haina kitu," Karimu alisema. Alivua kitambaa usoni. "Jérôme! Ulituambia haina kitu!"

"Beba sanduku!"

"Beba mwenyewe."

Karimu akakimbia. Hakukimbilia gari. Alikwenda ovyo, akavuka reli moja, akavuka nyingine, mikono kichwani. Jérôme alitukana, akaliburuta sanduku peke yake hadi uani. Hakugeuka. Mlango wa gari ulibamizwa, injini ikaunguruma.

Kahambu alikuwa magotini. Alibana kidonda kwa aproni, halafu kwa kitambaa cha meza, halafu kwa mikono mitupu. Mzee alimtazama.

"Umeumia?" alimwuliza.

Hakusema lingine.

JUMAPILI, MCHANA

Kwenye korido ya hospitali waliwaketisha pamoja. Daktari alishakuja, alishasema, alishaondoka. Damu ilikuwa imekauka mikononi mwa Kahambu mpaka kwenye viwiko, na polisi walikuwa wameongea naye kwa upole, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Ornella alimshika kiganja hivyo hivyo, na damu ya babake. "Alikufa akikukinga," alisema. "Usijilaumu. Baba ndivyo alivyokuwa. Nakuomba usijilaumu."

Simu ya Kahambu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti. Vidole vilivyokakamaa vikabonyeza vibaya, na sauti ya Jérôme, ile ya upole, ikajaa kwenye korido:

"Maman, usinitafute. Mutu wa Bujumbura hakukuwaka. Ulifungua mulango bien, ulilia bien. Weye nyamaza, na miye nitanyamaza. Bon courage."

Ornella aliinua uso. Macho mekundu, yamevimba, na ndani yake, Mungu wangu, kulikuwa na tumaini.

"Nani huyo? Ni habari za Rolande? Wamempata?"

Ilikuwa rahisi. Ndiyo, wamempata. Neno moja tu, na Ornella angemkumbatia, wangezika pamoja, na kesho Kahambu angerudi kwenye sufuria zake. Alilitafuta neno hilo kinywani. Alikumbuka swali la mzee, pale chini.

Akatafsiri. Sentensi moja moja, kwa Kifaransa, bila kupunguza. *Usinitafute.* Kiganja cha Ornella bado kilikuwa juu ya chake. *Huyo mtu wa Bujumbura hakuwahi kuwepo.* Bado. *Ulifungua mlango vizuri.*

Ornella alikiondoa kiganja chake kidole kimoja kimoja. Alisimama, akajishika ukutani, akatembea hadi kwa askari aliyekuwa mwisho wa korido. Alisema naye kwa ufupi. Kisha akaingia chumba alicholazwa babake, akafunga mlango.

JUMAPILI, JIONI

Karimu walimkamata kwenye njia za treni, amekaa juu ya mawe, analia. Gari jeupe lilikutwa karibu na stesheni, milango wazi, ndani hakuna kitu. Jérôme hakuonekana jioni ile, wala baadaye; wala dhahabu ya watu.

Askari aliyeandika maelezo ya Kahambu alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, hana ubaya. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Anwani.

"Una watoto, madame?"

"Mmoja."

"Yuko hapa Ubelgiji?"

"Hapana."

"Anaishi na nani?"

Nje, treni ya mizigo ilipita, behewa baada ya behewa, na askari akasubiri imalizike ndipo amsikie.

"Ananingojea," Kahambu akasema.

Askari aliiweka kalamu chini. Hapakuwa na pa kuliandika hilo.