Sufuria ya Jumamosi

Sufuria haikuwepo.

Kwenye kona ya stoo ya kanisa, pale ilipokaa siku zote, palibaki duara jeusi la masizi, pana kama gurudumu la lori. Mama Mwenyekiti wa umoja wa wanawake alisimama mbele ya duara lile, mikono kichwani, aproni kiunoni.

"Wametuibia Jumamosi yetu," alisema.

Inspekta aliinama akalitazama duara. Alikuwa na doa la maziwa begani, juu kidogo ya cheo chake. Mtoto wake mchanga alikuwa amemuaga kwa namna hiyo asubuhi, na nyumba nzima haikuwa na shati jingine lililopigwa pasi.

"Nieleze taratibu, mama. Sufuria hii ni ya kazi gani?"

"Ya kazi gani! Hivi mtaa huu hujawahi kupita? Kila Jumamosi sisi Wamethodisti tunapikia wazee na wagonjwa wa hapa jirani. Tunapakia kwenye vyombo, tunagonga mlango, tunaomba, tunaacha chakula, tunakwenda kwa mwingine. Leo adhuhuri watu wanangoja. Niwapelekee nini, wimbo?"

"Nini kingine kimechukuliwa?"

"Gunia la mchele. Viazi. Vitunguu. Nyama yote ya kwenye friji. Na mwiko mkubwa."

"Spika za kwaya?"

"Zipo."

"Kinanda?"

"Kipo."

"Jiko jipya la gesi?"

"Lipo, afande. Nalo linanishangaza."

Konstebo, kijana mrefu ambaye hakuwa amekunywa hata chai, alitikisa kichwa. "Mwizi mwenye njaa, Inspekta. Namwelewa kabisa."

"Mwenye njaa angebeba mkate akakimbia. Huyu kabeba sufuria ya kulisha kijiji."

Alichunguza kufuli. Halikuwa na mkwaruzo. Lilifunguliwa kwa ufunguo, kisha likafungwa tena kwa adabu. Alipoingia ndani zaidi alikuta magunia ya mchele yaliyobaki. Alitia mkono kwenye lile la juu, akautoa na wadudu wawili weusi wakitembea kiganjani.

"Fukusi," alisema. "Mwizi wetu aliliona hili, akaliacha, akachukua safi. Na sakafu imefagiwa. Mama, nani alifagia?"

"Mimi sijafagia. Nilifungua nikapiga kelele tu."

"Mwizi anayefagia," konstebo alinong'ona, "aje na kwangu."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja huu hapa." Mama Mwenyekiti alivuta kamba shingoni. "Wa pili anao Kimya."

Kimya alikuwa mtunza kanisa. Walimwita hivyo kwa sababu maneno yalimtoka moja moja, kana kwamba kila moja alilinunua. Mchungaji alikutana naye gerezani katika ziara za kuwaombea wafungwa. Alipomaliza kifungo chake, kanisa likampa ufagio, ufunguo na chumba nyuma ya ukumbi. Hapo aliishi na mkewe na kichanga chao.

"Mimi nilisema," Mama Mwenyekiti aliongeza kwa sauti ya chini. "Mchungaji akasema tumpe nafasi. Haya, nafasi ndiyo hiyo, imeondoka na sufuria."

Kimya aliletwa. Alisimama mikono nyuma bila kuambiwa.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Huu, afande."

"Jana jioni ulikuwa nao?"

Kimya aliugeuza ufunguo kiganjani.

"Nimekuuliza."

"Hapana."

"Ulimpa nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliahidi."

"Unajua maana ya kunyamaza mbele ya polisi, kwa mtu mwenye rekodi kama yako?"

"Naijua kuliko wewe, afande. Samahani."

Mama Mwenyekiti alipiga makofi mara moja, pa! "Basi! Kesi imekwisha. Atoe vitu vyake chumbani leo hii, kabla watu hawajakuja kuuliza chakula. Kanisa si maficho."

Mke wa Kimya alisikia. Alitoka na mtoto mgongoni, akaanza kuanua nepi kwenye kamba, akizikunja moja baada ya nyingine kwa utulivu uliomuumiza Inspekta zaidi ya kilio. Zilikuwa bado mbichi.

"Mpeleke kwenye gari," Inspekta alimwambia konstebo. "Bila pingu."

Yeye alizunguka nyuma ya stoo. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha udongo, na udongo hauna siri. Palikuwa na michirizi miwili myembamba iliyokwenda sambamba, na mbele yake mingine miwili mifupi, iliyoyumbayumba. Kando kulikuwa na nyayo za hatua fupi na vishimo vya duara vidogo.

Konstebo alirudi akachuchumaa. "Baiskeli mbili?"

"Zinazokwenda bega kwa bega kama maharusi? Tazama vizuri. Hicho ni kiti cha magurudumu, kimebeba mzigo mzito. Na hivi vishimo ni vya fimbo. Mwenye fimbo kasimama kila baada ya hatua chache."

"Kwa hiyo tunatafuta jambazi anayepumzika."

"Tunatafuta mpishi mwenye rafiki mgonjwa. Na hakuna aliyesikia kitu. Jana jioni hapa palikuwa na nini?"

"Mazoezi ya kwaya," Mchungaji alijibu. Alikuwa amewafuata kimya kimya, miwani ikiwa imepanda kwenye paji la uso. "Sauti ya pili walikuwa wanakosea, kwa hiyo tuliimba kwa nguvu sana. Hata paa lingeibiwa tusingejua."

"Mchungaji, nani katika washirika wako ana kiti cha magurudumu?"

"Babu Fundi Saa. Tulimpa sisi wenyewe."

"Ana marafiki gani?"

"Wa darasa lake." Mchungaji aliona Inspekta hajaelewa. "Kwetu kila mshirika ana darasa, kikundi kidogo cha kuomba pamoja na kujuliana hali kila wiki. Lake ni la wazee watupu. Hukutana kwa Bi Upawa, mtaa wa pili."

"Kwa nini anaitwa Bi Upawa?"

"Alikuwa mpishi mkuu wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Wanafunzi ndio waliompa jina. Walimwogopa, lakini walikomba sahani."

"Na hao wazee wanaletewa chakula cha Jumamosi?"

"Wote. Ndio wa kwanza kabisa."

Inspekta alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Washa gari," alimwambia konstebo.

Nyumba ya Bi Upawa waliijua kwa harufu kabla ya kuiona. Vitunguu vilikuwa vinakaangwa, nyama inachemka. Tumbo la konstebo likanguruma, akajifanya anakohoa. Kimya, kwenye kiti cha nyuma, aliinamisha kichwa.

"Niache mimi niingie," Inspekta alisema. "Wewe kaa naye."

Uani wazee walikuwa wanaimba tenzi, kila mtu kwa sauti yake aliyozaliwa nayo. Mmoja alichambua mchele. Wawili walikatakata vitunguu huku wakilia na kucheka. Babu Fundi Saa alikuwa kwenye kiti chake, beseni la viazi mapajani, akimenya. Katikati, juu ya mafiga matatu, ilikaa sufuria. Nyuma yake alisimama bibi mdogo wa umbo, mwembamba, akikoroga kwa mwiko uliokaribia urefu wake.

"Nani kakufundisha kuingia uani kwa watu bila hodi?" bibi aliuliza bila kugeuka.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Sogea huku, unaziba upepo."

Inspekta alisogea. "Bibi, sufuria hii ni ya nani?"

"Ya kanisa."

"Imefikaje hapa?"

"Ilipanda kiti cha Babu. Babu alitembea."

"Nilitembea!" Babu Fundi Saa aliinua kisu cha viazi. "Kwa fimbo, nikipumzika. Daktari nikimwambia hataamini."

"Na mchele, na nyama?"

"Sasa nipike sufuria tupu? Ule mchele wa juu ulikuwa na fukusi, waambie. Aibu. Nikawafagilia na sakafu."

"Mlikuwa na nia ya kuirudisha?"

"Sufuria hii? Tungeiweka wapi mwanangu, tungelala ndani?"

Wazee wakaangua kicheko. Inspekta alijitahidi kubaki na uso wa kazi, akashindwa nusu.

"Bibi, kanisani watu wanalia. Wanasema wazee leo hawatakula."

"Hawatakula? Na hiki ninachokoroga ni nini, maji ya kuoga? Adhuhuri tungetokea pale ukumbini, tuwakalishe wote, na hao wanaotupikia, tuwapakulie. Nilitaka iwe ghafla, waone."

"Kwa nini usingeomba tu?"

Mwiko ukasimama. Bi Upawa aliufuta ukingoni mwa sufuria, taratibu.

"Niliomba. Nilimwendea Mama Mwenyekiti, nikamwambia nipe hata kazi ya kukoroga. Akanishika mkono vizuri, maana yule mtoto ana roho njema, simsemi vibaya. Akaniambia, 'Bibi, wewe kaa, pumzika, sisi tupo.' Mtu anapumzika akichoka. Mimi nimechokea wapi? Nimelisha bweni zima, wasichana wenye njaa ya kukua. Sasa kila Jumamosi mlango unagongwa, napewa chakula kimefunikwa, naombewa, mlango unafungwa. Nasema asante. Nimesema asante mpaka zimeniisha, mwanangu. Nilitaka na mimi siku moja niambiwe."

Babu Fundi Saa alitazama viazi vyake.

"Ufunguo alikupa Kimya," Inspekta alisema.

"Alinipa. Na usimguse. Nilimwapisha asimwambie mtu mpaka chakula kifike."

"Hajamwambia mtu. Ndiyo maana yuko kwenye gari langu hapo nje, na mkewe anafukuzwa chumbani."

Bi Upawa aliukabidhi mwiko kwa aliyekuwa karibu na kutoka mbio, miguu peku. Inspekta alimkuta tayari ameufungua mlango wa gari, amemshika Kimya masikio yote mawili kama mtoto.

"We mpumbavu we! Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisiseme, bibi."

"Nilisema! Lakini nilisema uende jela?"

"Watu hunipa kazi," Kimya alisema. Maneno yalikuja moja moja, lakini yalikuja. "Maonyo pia hunipa. Siri ulinipa wewe. Nikaona niitunze."

Bibi aliyaachia masikio. Machozi yalimtoka, akayasingizia vitunguu.

"Nimekukosea, mwanangu. Niliwaza furaha yangu tu." Kisha akageuka. "Inspekta, kwa sheria yenu, wizi unataka nini?"

"Unataka nia ya kutorudisha, bibi. Hapa sijaiona."

"Basi gari lako lina nafasi ya sufuria?"

Lilikuwa nayo. Konstebo aliendesha taratibu kama anayebeba mayai, Kimya akiishikilia sufuria kwa mikono miwili na Bi Upawa akifokea kila shimo la barabara. Nyuma yao wazee walifuata, Babu akisukumwa, tenzi zikiendelea.

Kanisani godoro lilikuwa tayari liko nje. Mke wa Kimya alikuwa ameketi juu yake, ananyonyesha. Mama Mwenyekiti aliiona sufuria ikishushwa, inatoa mvuke, akafungua mdomo.

"Mwizi ni mimi," Bi Upawa alisema mbele ya kila mtu, kwa sauti ya kuita bweni kula. "Ufunguo niliuomba mimi. Huyu kijana kosa lake ni kutunza neno lake. Chakula kiko tayari. Kaeni."

Mama Mwenyekiti hakukaa. Alimtazama Bibi, ambaye yeye mwenyewe alimwambia apumzike, akatazama wale wazee wenye mikono iliyonuka vitunguu, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu aliyesoma barua yake mwenyewe kwa mwandiko wa mwingine. Kisha akaenda kwa Kimya.

"Nilikuhukumu," alisema. "Bila hata kuuliza mara mbili. Nisamehe, baba."

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Mama kichanga, simama kidogo," Mama Mwenyekiti alimwambia mke wa Kimya. Akalikunja godoro, akajitwika kichwani, aproni na vyote, akaliingiza chumbani mwenyewe. Konstebo alitaka kumsaidia, akafukuzwa. Aliporudi alizichukua nepi mbichi akazitundika upya kwenye kamba.

Ndipo akaketi. Bi Upawa alimpakulia wa kwanza, sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Mama Mwenyekiti alionja. Akaonja tena, akafumba macho.

"Asante, bibi," alisema.

Bi Upawa alisimama pale na upawa wake, akilisikiliza neno lile mpaka likaisha.

"Bibi," Mama Mwenyekiti aliendelea, mdomo umejaa, "Jumamosi ijayo nije saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Na uje na kisu chako, kuna viazi vya kumenya."