Sentensi Aliyoiongeza Dada Chapa

Jumatatu ile foleni ya duka la steshenari ilitoka mlangoni ikafika hadi kwa fundi viatu. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Wazazi walitaka kopi za vyeti, wanachuo walitaka ripoti zao zifungwe jalada, na printa, kama kawaida ya printa, ilichagua siku hiyo kutafuna karatasi.

Katikati ya vurugu hiyo aliketi binti mmoja mwenye gauni la njano, kalamu kaichomeka kwenye nywele, vidole vyake vikikimbia juu ya kibodi bila yeye kuvitazama. Wateja walimwita Dada Chapa. Duka lilikuwa la shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na wawili hao waliliendesha kwa zamu na kwa utani.

Mtu wa tisa kwenye foleni alikuwa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka kama karatasi mpya. Hakuwa mteja wa pale. Duka alilolizoea, mtaa wa pili, lilikuwa limekatikiwa umeme.

"Nichapie nakala ishirini," alisema, akamkabidhi flashi.

"Ishirini? Kadi za harusi hizi?"

"Barua za maombi ya kazi."

"Na zote zinafanana?"

"Kwani mimi si mtu yule yule?"

Foleni ikacheka. Dada Chapa naye akacheka, kisha akaifungua barua na kicheko kikamwisha. *Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na ninayejituma katika kazi yoyote nitakayopewa.* Akashuka mpaka chini. Hakukuwa na kingine.

"Kaka yangu, usiniudhikie. Barua hii haina mwenyewe. Nikifuta jina lako nikaweka la kwangu, inanifaa vilevile."

"Basi itume wewe. Huenda wewe watakuita."

"Umeshatuma ngapi?"

Mwanamume akatazama viatu vyake. "Nimeacha kuhesabu."

Dada Chapa alizichapa zote ishirini, maana mteja ni mteja. Lakini alipomrudishia flashi alisema kwa sauti ya chini, ili foleni isisikie, "Saa nane hapa panakuwa patulivu. Njoo na tangazo la kazi moja unayoitaka kweli. Moja tu."

Aliondoka amenuna. Hata hivyo, saa nane kasorobo alikuwa mlangoni, na kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati.

Hospitali ilitafuta mtunza chumba cha baridi cha chanjo. Dada Chapa aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa tangazo, akashika kalamu nyekundu.

"Wanataka mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha baridi. Umewahi?"

"Miaka sita, kiwanda cha maziwa. Ndiyo maana wenzangu waliniita Baridi. Nilikuwa navaa koti zito hata jua likiwa la utosi."

"Miaka sita! Na kwenye barua umeandika *kazi yoyote*?"

"Nilidhani wanataka kujua tabia yangu, si mambo ya majokofu."

"Wanataka majokofu, baba! Haya. Awe na mazoea ya kusoma kipimajoto na kuandika daftarini mara mbili kwa siku. Wewe ulikuwa unaandika mara ngapi?"

"Mara nne."

"Andika nne. Awe anajua kupanga bidhaa kwa tarehe ya kuisha muda."

"Maziwa yanayotangulia kuharibika yanatangulia kutoka. Hilo hata mama yangu analijua."

"Mama yako haombi kazi. Andika."

Walikwenda hivyo, mstari kwa mstari. Kila tangazo lilipouliza jambo, Dada Chapa alimgeukia, naye Baridi alitoa jibu lililokuwa limelala ndani yake bila kuombwa na mtu. Kufikia jioni walikuwa na nusu ukurasa, na Baridi akausoma kwa sauti kama mtu anayesomewa habari za ndugu aliyepotea.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Hujambo?"

Siku ya mwisho ya kupokea barua ilikuwa bado wiki mbili. Barua ingeweza kukamilika kesho yake, lakini ilichukua siku kumi. Leo kulikuwa na nukta ya kusahihisha, kesho aya ya kuhamisha. Siku nyingine Baridi alikuja na machungwa, akasema yameletwa na barua. Mchana alipiga simu.

"Dada Chapa, neno *halijoto* ni moja au mawili?"

"Moja. Umeniuliza hilo jana."

"Jana nilikuwa sijasikia sauti vizuri."

"Sauti ya neno?"

"Yako."

Printa ikasikika ikikoroma. "Baridi wewe, jina lako limekosewa," alisema Dada Chapa, akakata simu huku uso ukiwaka, na shangazi yake akajifanya anahesabu bahasha.

Jumapili Baridi alimpeleka nyumbani kwao. Vilikuwa vyumba viwili, pazia la maua, na mama yake aliyekuwa akisumbuliwa na mguu, akichambua mchele huku amekaa kitandani. Mama alimtazama mgeni, akatazama kalamu kichwani, akasema, "Karibu mwanangu. Huyu kijana siku hizi anaimba bafuni. Nashukuru kuijua sababu."

Wakati wa kusindikizana, Baridi alipunguza mwendo. Alimweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Mwaka uliopita umeme ulikatika kiwandani siku mbili na jenereta ikagoma. Maziwa yalipanda joto hadi nyuzi kumi na moja, wakati hayakupaswa kuvuka nne. Bosi alimwambia aandike nne. Yeye aliandika kumi na moja. Mkaguzi alipofungua daftari, maziwa yote yalimwagwa, na Baridi akapewa barua ya kufukuzwa iliyosema *uzembe*.

"Mama anadhani walipunguza wafanyakazi," alisema.

"Lakini hilo ndilo la kuandika, mpenzi wangu! Hilo ndilo..."

"Usithubutu. Nani ataajiri mtu aliyefukuzwa? Niahidi."

Dada Chapa hakuahidi. Alimshika mkono tu, na Baridi akauchukua mkono ule kuwa ndiyo.

Ijumaa ya mwisho, barua zilipokelewa mpaka saa kumi jioni. Saa tisa Baridi alikuwa bado kliniki na mama yake. Akapiga simu.

"Hawajamwita mpaka sasa. Naomba uitume barua wewe, kipenzi."

"Hutaki kuisoma mara ya mwisho?"

"Nakuamini."

Dada Chapa aliweka rula chini ya tangazo kwa mara ya mwisho. Sharti la mwisho kabisa walikuwa wamelipita haraka: *awe mtu wa kutoa taarifa ya kweli joto linapopanda.* Akaitazama barua. Hakukuwa na jibu la sharti hilo. Angeweza kumpigia. Simu ilikuwa pale, kando ya stepla. Hakupiga, kwa sababu alijua angeambiwa hapana.

Akaandika: *Mwaka jana joto lilipofika nyuzi kumi na moja niliandika kumi na moja, ingawa niliagizwa kuandika nne, na kwa ajili hiyo nilipoteza kazi.* Kisha akaituma kwa barua pepe.

Wiki tatu baadaye Baridi aliitwa kwenye usaili. Alivaa suti ya marehemu baba yake, iliyopunguzwa kiunoni, akakaa mbele ya watu watatu. Katikati alikuwa mfamasia mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Aliuliza maswali ya majokofu, Baridi akayajibu moja baada ya jingine. Halafu mama yule akainua barua.

"Na hapa chini unasema uliagizwa kuandika nne, ukaandika kumi na moja. Tueleze."

Alifikiri amesikia vibaya. Akaomba kuiona barua, akaisoma sentensi ile, na jasho likamtoka chini ya suti ya baba. Hakuwa na pa kukimbilia, akaeleza yote. Mpaka ile barua ya *uzembe* aliitaja. Walipomwambia asante, alitoka bila kuaga vizuri, akaenda dukani moja kwa moja.

"Ulinivua nguo mbele ya watu watatu," alisema kabla hata ya salamu.

Dada Chapa alisimama. "Wamekuuliza?"

"Wameniuliza! Kitu nilichokwambia wewe peke yako, nikakwambia usikiandike!"

"Tangazo lilikuwa linauliza jambo hilohilo. Nilijua ungekataa, na nikaona..."

"Ulijua ningekataa. Ndiyo maana hukuniuliza."

Dada Chapa aliichomoa kalamu kwenye nywele, akaiweka juu ya kaunta.

"Maisha yangu si fomu, uijaze pale unapoona pana nafasi," alisema Baridi, akaondoka.

Dada Chapa aliingia stoo, akakaa juu ya boksi la karatasi na kulia. Shangazi akamfuata, akasimama mlangoni.

"Ulichoandika ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Kilikuwa chako?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unalijua kosa lako. Futa machozi, kuna watu kaunta."

Siku hiyohiyo alimtumia Baridi ujumbe mmoja: *Nimekosea. Sijitetei.* Baridi aliusoma asubuhi, akausoma mchana, akausoma akiwa anamkanda mama mguu. Hakujibu.

Lakini siri ikishatoka kwa wageni, kuificha nyumbani ni kazi bure. Siku ya tano alikaa chini, akamweleza mama yake yote, kuanzia jenereta mpaka usaili. Mama alimsikiliza huku akikunja kanga.

"Mwanangu, nilikuwa najua. Mke wa dereva wa maziwa aliniambia mwezi uleule."

"Ulijua? Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja unieleze mwenyewe. Kila nikisali nilikuwa nashukuru kwamba nimezaa mtu wa kuandika kumi na moja." Akamshika kichwa kama mtoto. "Nani aliyeiandika hiyo barua?"

"Chapa."

"Amekukosea adabu. Hilo mwambie. Ila usimweke kundi moja na yule bosi wako. Bosi alitaka uonekane mwongo, huyu alitaka uonekane ulivyo."

Baridi hakulala vizuri siku hizo, si kwa hasira tena. Alikuwa anakumbuka kwamba katika miezi yote ya barua zake ishirini ishirini, ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama akamuuliza: ulikuwa unaandika mara ngapi?

Siku ya kumi na moja simu iliita. Ilikuwa sauti ya mfamasia mkuu.

"Kijana, unaweza kuanza tarehe mosi?"

Baridi akakaa kitandani, simu sikioni. "Mama, samahani, naomba kuuliza. Kwa nini mimi?"

"Tulipokea barua mia na zaidi. Wachapakazi watupu, waaminifu watupu. Nilimpata fundi umeme wa kiwanda chenu, akanithibitishia maneno yako. Chanjo zikipata joto nikadanganywa, atakayeumia ni mtoto wa mtu. Mtu wa kuniambia kumi na moja ndiye ninayemtafuta."

Alishukuru mpaka mfamasia akamwambia inatosha. Akamkumbatia mama yake, akavaa shati jeupe, akatoka.

Dukani kulikuwa na foleni. Dada Chapa alimwona mlangoni, vidole vikasimama. Alikuwa amekonda. Gauni la njano lilimlegea mabegani.

"Umepata au umekosa?" aliuliza kabla Baridi hajasema neno.

"Nimepata."

Alifumba macho, midomo ikasema asante bila sauti. Kisha akafumbua. "Basi ngoja nikuombe msamaha kwanza, usije ukadhani kazi imelifuta kosa. Nilichukua siri yako nikaitumia bila ruhusa yako. Hata wangekupa hospitali nzima, nilikosea. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Kilichonichelewesha ni kiburi." Baridi alisogea mpaka kwenye kaunta, na watu wakampisha bila kuombwa. "Nimekuja kushukuru, Chapa. Si kwa kazi peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini ile barua ya uzembe. Wewe hukuiamini hata siku moja. Asante, moyo wangu."

Machozi yakamdondokea Dada Chapa kwenye kibodi. Akaandika herufi tatu bila kujua.

"Ila ninaomba jambo moja," Baridi akaendelea. "Siku nyingine niulize, hata kama unajua nitakataa. Acha nikatae mwenyewe."

"Nitakuuliza mpaka unichoke."

"Basi na mimi nakuuliza, na ukitaka kukataa, kataa mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

Mzee mmoja aliyeshika kitambulisho chake akasogeza sikio.

"Unaniuliza hivi, mbele za watu, na kamasi zinanitoka?"

"Ningekuita pembeni, lakini nimeogopa kupoteza nafasi kwenye foleni."

Alicheka akilia, akalia akicheka. Akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama mwanamume yule aliyekuwa amesimama na mikono miwili juu ya kaunta, kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Nimekubali," alisema. "Mlete mama Jumamosi azungumze na shangazi. Mjiandae, maana shangazi ana maswali."

"Ninayo tayari!" sauti ya shangazi ikatoka stoo, na duka likalipuka kwa vigelegele.

Wanafunzi walipiga makofi, mama mmoja akamkumbatia asiyemjua. Baridi alizunguka kaunta, akamshika Dada Chapa mikono yote miwili.

Yule mzee aliwapa muda wa kutosha. Kisha akakohoa kidogo, akaweka kitambulisho chake juu ya kaunta kwa heshima.

"Hongereni sana, wanangu. Mungu awatunze. Mimi ni kopi moja tu, mbele na nyuma."